Futari ya Ghorofani

Wifi yangu Nawal si mtu mbaya. Naanza na hilo kwa sababu naijua Bagamoyo yetu: ukianza kusimulia jambo la mtu, kabla hujafika katikati wasikilizaji wameshamhukumu na kumzika. Nawal ni msafi, mwenye swala zake tano, na mkono wake wa kupika mimi niliyezaliwa Mlingotini kwenye moshi wa samaki sijaufikia mpaka leo. Kosa lake ni moja tu, alimsikiliza kaka yake. Na huyo kaka yake ndiye mume wangu, kwa hiyo nina haki ya kusema.

Nyumba ni ya marehemu baba yao, Mzee Mbaruk, aliyekuwa akiuza vitambaa. Chini anakaa Nawal, tangu alipofiwa na mumewe. Uani nakaa mimi na Shihab, au niseme nakaa mimi, maana Shihab wiki nzima yuko Dar kazini na huku huleta nguo chafu tu. Ghorofani palikuwa pa mzee. Watu wa mtaa wetu mpaka leo wakitaka kumsifu mtu kwa ukarimu husema "huyu Mzee Mbaruk mwingine", kwa sababu magharibi ilikuwa hapiti mtu mbele ya baraza lile asiitwe ndani. Aliyekubali alikula, aliyekataa alifungashiwa.

Mzee alipofariki, ghorofani pakakaa patupu, popo wakaanza kuhamia. Ndipo Shihab akaja na maarifa yake ya mjini. Akapaka rangi, akaleta vitanda na friji na jiko la gesi, akapiga picha, akaziweka kwenye mtandao. Apatimenti hiyo! Watu wanalala siku mbili tatu, wanalipa kwa simu, wanakwenda zao. Hata mlango wa mbele ukapigwa vanishi ukang'aa. Mama yangu alipokuja kututembelea alisimama mbele yake, akautazama juu mpaka chini, akasema, "Haya, nyumba njema si mlango," akaingia. Mimi nikacheka, Nawal hakucheka.

Mwanzoni Nawal aliwafanyia wapangaji hao kama tulivyolelewa. Alipanda na chai, alipanda na vitumbua, akapanda tena kuuliza kama wameshiba. Mpaka wakaja mtu na mkewe, maharusi wapya kutoka Dar, wakamwambia mlangoni kwa adabu kabisa, "Mama, tungependa faragha." Walipoondoka akazikuta tambi zake za sukari kwenye ndoo ya taka, na sahani imeoshwa ikang'aa. Alilia, wallahi. Akampigia kaka yake simu, na kaka mtu akamwambia, "Dada, elewa kitu kimoja. Hao si wageni, hao ni wateja. Mgeni anakuja kwako, mteja anakuja chumbani. Mpe ufunguo, mwoneshe bafu, shuka zako chini." Kisha akamchapia karatasi ya sheria, akaitia nailoni, akaibandika ukutani: usivute sigara, usilete mtu wa ziada, usikaange samaki, chakula hakimo.

Nawal akishaambiwa jambo hulishika kwa meno. Tangu siku hiyo alitoa funguo na kushuka chini, na akawa anajisifu kuwa amejifunza kazi.

Basi katika mfungo wa mwaka huu wakaja watu wa Tabora.

Ilikuwa alasiri. Bajaji ilisimama barazani, akashuka kijana aitwaye Yusuf, mwalimu wa shule ya msingi, na mkewe Najma, na mama yake mzazi, Bi Ashatu, bibi mwembamba aliyevaa miwani ya jua kubwa kuliko uso wake. Walitoka hospitali ya Dar, mama ametolewa mtoto wa jicho. Tangu azaliwe hajapata kuiona bahari, na mwanawe akasema harudi Tabora na jicho jipya kabla ya kumwonesha. Mzigo wao ulikuwa begi moja la nguo na dumu dogo la asali. Chupa ya maji hawana, mkate hawana, hata kokwa ya tende hawana. Na wote wamefunga. Nilipomwambia Bi Ashatu kuwa msafiri ana ruhusa ya kula, alinijibu, "Mwanangu, mimi Ramadhani siiachi kwa ajili ya basi."

Nikasema moyoni, hawa mbona wamesafiri kama wanakwenda chooni? Baadaye Najma alinieleza, nami nikatamani ardhi inimeze. Kwenye simu iliandikwa: "Mwenyeji wako ni Nawal. Karibu nyumbani." Wao walikuwa hawajapata kukodi nyumba ya namna ile, wakayachukua maneno kama yalivyo. Walipopita sokoni Yusuf alitaka kununua mihogo na tende, mama yake akamkemea: "Unakwenda kwa mtu, mwezi wa Ramadhani, amekwambia karibu nyumbani, na wewe unabeba chakula chako? Unataka kumtukana mwenyeji wako?" Ndiyo maana walibeba asali tu, zawadi ya mwenye nyumba.

Bi Ashatu alimkabidhi Nawal lile dumu kwa mikono miwili. "Asali ya kwetu hiyo, mwanangu. Utusamehe kwa uchache wake." Nawal akapokea, akashukuru sana, akawapa ufunguo, akawaonesha bafu, akashuka chini.

Jua likaanza kuzama. Mimi na Nawal tulitandika mkeka ukumbini kama kawaida, tukapanga tende, uji wa pilipili manga, mihogo ya nazi, samaki wa kupaka na chapati za maji. Ngazi ya juu inashukia hapo hapo ukumbini, mlango wa nyumba ni mmoja, kwa hiyo harufu ya chakula chetu haina njia nyingine isipokuwa kupanda.

"Wifi," nikamwuliza, "hao wa juu wana cha kufuturia?"

"Wana jiko la gesi."

"Jiko la gesi halitafuniki."

"Maulida, usinianze. Nikipanda wataniambia faragha. Karatasi wameiona. Wateja hao."

"Wateja wamekuja na begi la nguo. Watapika kanzu?"

"Watakuwa wameagiza kwa simu. Siku hizi watu wanaagiza kila kitu."

Nikanyamaza. Na mdomo huu nilionao, ambao mume wangu anasema ungeweza kuuzwa kwa mnada, siku hiyo ukapata adabu. Nyumba ni ya kwao, mimi ni wa kuolewa, na nilikuwa na njaa. Adhana ikaita. Tukafungua kwa tende, tukanywa uji, tukala. Nawal akamimina ile asali juu ya chapati, akajilamba kidole, akasema, "Asali ya Tabora ni nyingine kabisa."

Juu kimya.

Kisha tukasikia hatua. Yusuf alishuka ngazini akiwa na kofia yake, anakwenda msikitini. Ilibidi apite pembeni ya mkeka wetu. Aliinamisha macho kama mtu aliyekosea njia, akasema, "Asalaam alaykum. Futari njema." Sasa, sisi watu wa pwani hata adui yako akipita unakula unamwambia karibu, ni neno linalotoka lenyewe, halina gharama. Nililiona lile neno likimfika Nawal mdomoni. Akalimeza pamoja na tonge. "Waalaykum salaam," akasema, basi. Kijana akatoka nje.

Yaliyotokea msikitini aliyaona Ashrafu, fundi cherehani wa ng'ambo ya njia, akamhadithia mkewe Khairat, na Khairat ndiye aliyenihadithia mimi. Wanaume wanaposwali magharibi pale hufungua kwanza kwa tende na maji kwenye jamvi la nje. Ashrafu akamwona kijana mgeni anakula tende moja, anakunywa maji, halafu anatoa leso mfukoni na kufunga tende nyingine humo, polepole, kwa kificho.

"Kula, mgeni, zipo nyingi," Ashrafu akamwambia.

"Nashukuru, kaka. Hizi nampelekea mama."

"Mama yuko wapi?"

"Hapo kwa Bi Nawal."

"Kwa Nawal wa Mzee Mbaruk? Na hajafuturu?"

Na kijana wa watu, kwa adabu zake, akasema mwenyeji hana kosa lolote, wao ndio hawakujiandaa. Alilisema mbele ya jamvi zima. Angelalamika ingekuwa nafuu, tungepata cha kubishia.

Hata vyombo hatujamaliza kutoa tukasikia hodi. Alikuwa Khairat na sahani iliyofunikwa kawa. "Futari ya wageni wenu," akasema. Hajaketi, hajauliza, akapanda ngazi. Nyuma yake mwingine na bakuli la maharage ya nazi. Mwingine na kaimati. Mwingine na samaki mzima, wa kukaanga, lile lililokatazwa kwenye karatasi. Kila mmoja alimwamkia Nawal vizuri, na kila mmoja akasema, "Tumesikia una wageni, tukaona tukusaidie." Hakuna aliyesema neno baya. Ndivyo tulivyo huku. Mtu hakutukani, atakuamkia kwa heshima mpaka uombe kufa.

Nawal alisimama chini ya ngazi akiwapokea. "Ahsanteni. Mungu awazidishie. Ahsante, dada. Ahsante." Ushungi ulikuwa umemlegea, hakuushika. Waswahili husema aibu ya maiti aijuaye mwosha, lakini hii yetu mtaa mzima ulishika kata.

Walipokwisha kupita, alikimbilia jikoni, akapakua mihogo na samaki waliobaki kwenye sinia, akapanda nalo. Mimi nyuma yake. Najma akafungua mlango. Nyuma yake mkeka umejaa sahani za watu, na Bi Ashatu ameketi anamega mkate mdogo mdogo.

"Karibuni futari, mama," Nawal akasema.

"Oh, mama, msisumbuke," Najma akajibu. "Tumeshiba. Majirani zako wametuzidi."

Tukashuka na sinia kama lilivyopanda. Nawal akaketi kwenye ngazi ya mwisho, akaliweka mapajani, akaanza kulia kwa sauti ya chini ili wasimsikie. "Nimeona haya, Maulida. Uso umeumbwa na haya, sasa mimi wangu nitaupeleka wapi? Baba angekuwepo angenizaba kofi."

"Angeanza na mimi," nikamwambia.

"Lazima wale kwangu kabla hawajaondoka. Hata tonge moja. Wakiondoka hawajala kwangu, itasemwa mpaka nife kwamba wageni wa nyumba ya Mbaruk walilishwa na mtaa."

Basi likawa hilo, na mimi nikaona ni jepesi. Siku moja wanayo, futari moja iko mbele, nani anakataa futari ya Nawal?

Asubuhi alipanda mapema kuwaalika, akakuta mlango umefungwa. Walikwenda pwani mara tu baada ya alfajiri. Hakungoja. Akanituma sokoni, akakuna nazi mwenyewe, akaanza kazi kwenye joto lile na kinywa kikavu. Alipika kama harusi. Pilau ya ng'ombe, samaki wa tui, tambi, mkate wa kumimina, sambusa. Nilimwambia, "Wifi, wako watatu tu hao, na mmoja ni bibi." Akaniambia nikoroge nisiongee.

Walirudi adhuhuri, miguu imejaa mchanga. Bi Ashatu anacheka peke yake, anasema bahari haina adabu, inakuja bila hodi na kuondoka bila kwaheri. Nawal akatoka jikoni na jasho lake, akamshika mkono. "Mama, leo futari ni kwangu. Nimeshapika."

Yusuf akamtazama mkewe. Mkewe akatazama chini.

"Bi Nawal," Yusuf akasema, na aliona aibu yeye badala yetu, "alfajiri msikitini Bwana Ashrafu alitualika, tukamwitikia. Mwaliko wa futari tunaona vibaya kuuvunja."

Ningekuwa mimi ningevunja, lakini hawa walilelewa.

Nawal akajitanda buibui, akavuka njia, mimi nikimfuata. Khairat tulimkuta uani, unga umemjaa mpaka viwiko, anakanda. Sijapata kumwona wifi yangu akimwomba mtu kitu. Anakopesha, anatoa, lakini haombi. Siku hiyo alisimama mbele ya Khairat kama mwanafunzi aliyechelewa.

"Khairat, nimekuja kukuomba wageni wangu. Nirudishie usiku mmoja tu."

Khairat akajifuta mikono. Angetaka angemsema, miaka yote hii amevumilia Nawal akimkosoa biriani. Hakumsema. "Wako hao, shoga, nani kasema si wako?" akajibu. "Lakini nimeshaanza kupika na watu wameshajua. Njooni na nyinyi tufuturu wote hapa, kipo cha kutosha."

Yaani aalikwe kwa jirani, akale na wageni wa nyumba yake! Na mwaliko ulikuwa wa kweli, hauna kejeli ndani yake. Hilo ndilo lililomkata. "Bora angenitukana," Nawal akaniambia njiani.

Hakwenda. Nilimwambia basi tupeleke hata lile sufuria la pilau, liingie kwenye mkeka wa Khairat, wakila watakuwa wamekula chetu. Akanijibu kuwa hajafika pa kupenyeza chakula chake katika sahani za watu. Kiburi? Ndiyo, kiburi, lakini mtu aliyevuliwa nguo huwezi kumlaumu akishika kitambaa. Chakula chote kikaenda msikitini. Magharibi tulikaa wawili kwenye mkeka, tukafungua kwa tende na maji, na kutoka ng'ambo tukawasikia wakicheka. Sauti ya Bi Ashatu ilikuwa juu ya zote.

Nikampigia Shihab simu. Nilimwambia yote kwa mkupuo. Mwanamume akanisikiliza, halafu akasema, "Lakini dada amefuata utaratibu." Nikamwambia utaratibu wake aulaze kitandani wiki hii akija, mimi ninakwenda Mlingotini kwa mama. Nikamkatia.

Siku ya kuondoka, bajaji ilifika asubuhi kuwapeleka stendi. Yusuf na Najma wakawa wanapakia begi. Bi Ashatu hakupanda. Alivuka njia kwa Khairat, nikamwona anamshika mikono yote miwili. Nilikuwa barazani na Nawal, na asubuhi ile mtaa ulikuwa kimya kama mitaa ya Ramadhani ilivyo, kwa hiyo tulisikia.

"Mwanangu, tunaondoka. Tulichokula chenu mtuhalalishie."

"Halali yenu, bibi, mlichokula na mlichokunywa. Na nyinyi mtuhalalishie."

Kisha akaenda nyumba ya pili, na ya tatu, kwa kila aliyeleta sahani. Alizikumbuka zote. Kila mlango alisema maneno yale yale na kila mlango alijibiwa halali yenu. Nawal alikuwa ananiminya kidole. Alinong'ona, "Anakuja kwetu." Akajifunga kanga vizuri. Jibu lake lilikuwa tayari mdomoni, niliona midomo ikilipitia.

Bi Ashatu akaja, akampa ufunguo, akamshika mikono.

"Wewe, mwanangu, sikuchoshi," akasema. "Kwako hatukula kitu, hatuna la kukuomba. Kaa salama."

Alisema kwa upole, kama anayempunguzia mtu mzigo. Hakukuwa na kisu ndani ya maneno yake, niliyatazama vizuri nikikitafuta.

Alikuwa ameshageuka. Nawal akamshika ushungi kwa nyuma, kama mtoto.

"Mama. Basi nihalalishie mimi."

"Kwa lipi, mwanangu?"

Dereva wa bajaji akapiga honi, Yusuf akamnyamazisha kwa mkono.

"Nilijua," Nawal akasema. "Sikuwa sijui, mama. Nilijua hamna kitu, nikakaa nikala."

Nilidhani Bi Ashatu atamwambia usijali, kama watu wanavyosema, na neno hilo tungelipokea na kuliingiza ndani na kulifunga. Hakusema hivyo.

"Tulisikia harufu ya uji," akasema. "Tukanawa mikono sote watatu, tukakaa. Nikawaambia wanangu, tusishuke tukamharakisha, atatuita mwenyewe."

Akampigapiga mkono. "Nimekuhalalishia, mwanangu. Na Mungu akuhalalishie." Akapanda bajaji, ikaondoka.

Nawal alibaki amesimama pale pale na ufunguo mkononi. Aligeuka akanitazama, anangoja niseme kitu, maana mimi siku zote nina la kusema. Na mimi nilikuwa kwenye mkeka ule.